RUHUSA YA KUCHEZA
Habari za Sheria ya Michezo ya Kuigiza, toka London hata Limuru

Katika mazungumzo haya twataka kuwasimulia wasikilizaji na wasomaji wetu habari za karatasi moja ndogo, nayo ni hati ya ruhusa ya kucheza mchezo mbele ya watu. Wenyeji wa Mashewa, na wa vijiji vingine vya Korogwe na Handeni, hawahitaji kufundishwa maana ya ruhusa. Mtu atakaye kupiga ngoma usiku wa arusi hupeleka habari kwanza kwa wakubwa wa kijiji, ili wajue ni ngoma gani, itapigwa wapi, na itakoma saa ngapi. Hilo ni jambo la ujirani mwema, kwa kuwa wako wagonjwa wanaotaka kulala na watoto wanaokwenda shuleni asubuhi.

Lakini liko swali la pili, nalo ni zito zaidi. Mkubwa akiisha kuuliza mahali na saa, je, aweza kuuliza pia maneno ya wimbo? Na akiyachukia maneno hayo, aweza kuizuia ngoma yote kabla hajaisikia mtu hata mmoja? Swali hili liliulizwa London yapata miaka mia tatu iliyopita, na baadaye likaulizwa katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Yatupasa kulifuata toka mwanzo wake.

Toka mwaka 1714 hata mwaka 1830 Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne waliofuatana, na wote wanne waliitwa George. Katika siku zao hapakuwa na redio wala sinema. Magazeti yalikuwako, lakini watu wengi hawakujua kusoma. Aliyetaka kucheka, au kulia, au kusikia wakubwa wakisemwa, alitoa fedha yake akaingia katika jumba la michezo. Humo alikaa tajiri na maskini chini ya paa moja, bwana katika kiti chake kizuri na mtumishi wake juu darini, na wote wawili walicheka neno lile lile kwa wakati mmoja.

Waziri mkuu wa siku zile alikuwa Sir Robert Walpole, mtu mwenye akili nyingi na adui wengi. Mwaka 1728 mtungaji John Gay alitoa mchezo wenye nyimbo uitwao The Beggar's Opera, wenye habari za wezi na wanyang'anyi wa London. Watazamaji walifahamu upesi kwamba wezi wale walifananishwa na wakubwa wa serikali, na Walpole mwenyewe akiwa mmoja wao. Mchezo ulipendwa mno. Gay akatunga wa pili, jina lake Polly, ili kuuendeleza ule wa kwanza. Huo haukuchezwa. Mkuu wa nyumba ya mfalme, aitwaye Lord Chamberlain, aliukataza mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1728.

Sasa twaomba wasomaji wetu waliangalie sana jambo lililofuata, maana ndilo shina la mazungumzo haya. Mwaka 1729 Gay aliupiga chapa mchezo wake uliokatazwa, akauuza kwa kitabu. Watu waliununua kwa wingi, na Gay akapata fedha nyingi sana. Mchezo uliokatazwa jukwaani ulisomwa nyumbani, bila neno lake hata moja kupunguzwa.

Baada ya Gay alikuja Henry Fielding, kijana hodari wa kudhihaki. Mwaka 1736 na mwaka 1737, katika jumba dogo la michezo la Haymarket, alitoa michezo iliyowachekesha watu juu ya rushwa katika uchaguzi na juu ya Walpole. Mara ukatokea mchezo mwingine wenye matusi makubwa juu ya mfalme, uitwao The Golden Rump. Mwenye jumba la michezo aitwaye Henry Giffard aliupokea, akaupeleka kwa Walpole. Walpole akawasomea wabunge maneno yake, ili waone jinsi uhuru wa jukwaa ulivyovuka mpaka. Nakala ya mchezo huo haikuonekana tena, na wako watu waliodhani kwamba Walpole mwenyewe ndiye aliyeagiza utungwe, apate sababu. Kweli au si kweli, sababu ilipatikana, na katika mwezi wa Juni mwaka 1737 sheria mpya ikapitishwa.

Amri zake zilikuwa hizi. Kila mchezo mpya sharti nakala yake ipelekwe kwa Lord Chamberlain siku 14 kabla ya kuchezwa. Yeye aweza kuukataza wote, au sehemu yake, wala halazimiki kutoa sababu. Atakayecheza bila ruhusa atatozwa pauni 50, na jumba lake litapoteza leseni. Tena michezo ya maneno matupu haikuruhusiwa London ila katika majumba mawili tu yenye hati ya mfalme, yaani Drury Lane na Covent Garden. Fielding aliacha kuutungia jukwaa, akajifunza sheria, akawa hakimu, na baadaye akaandika kitabu mashuhuri cha hadithi kiitwacho Tom Jones, kilichotoka mwaka 1749.

Alikuwako mkubwa mmoja katika Baraza la Malodi, jina lake Chesterfield, aliyeipinga sheria ile. Hoja yake yafahamika hata na mtoto wa shule. Mtu akisema neno baya jukwaani, alisema, ziko sheria za kumpeleka mbele ya hakimu, na huko atajitetea, na kosa litapimwa. Lakini sheria mpya yamhukumu mtu kabla hajatenda, na tena yamweka mtumishi mmoja wa mfalme kuwa mshitaki na hakimu pamoja. Hoja hiyo ilisikiwa na watu wengi, lakini haikushinda.

Jambo la ajabu ni kwamba vitabu havikutiwa katika sheria hiyo. Leseni ya kupiga chapa vitabu ilikwisha kukoma Uingereza tangu mwaka 1695. Kwa hiyo mwaka 1739, mchezo wa Henry Brooke uitwao Gustavus Vasa ulipokuwa wa kwanza kukatazwa kwa sheria mpya, Brooke alifanya kama alivyofanya Gay. Aliandikisha wanunuzi, akaupiga chapa, akapata faida nzuri. Mchezo ule ulikuwa na habari za mtu wa Sweden aliyewakomboa watu wake, na kila Mwingereza aliyetaka kuusoma aliusoma kwa taa yake mezani.

Kwa nini basi maneno yale yale yawe halali katika kitabu na haramu jukwaani? Jibu letu ni hili. Asomaye kitabu husoma peke yake, na akikasirika hukasirika peke yake. Lakini watu elfu wakiketi pamoja, na mmoja akacheka, mwenzake husikia kicheko kile, akajua kwamba hayuko peke yake katika mawazo yake. Walpole aliyachukia maneno, lakini zaidi aliuogopa mkutano wa watu waliokuwa wakiyasikia pamoja.

Waswahili husema, penye nia pana njia, na watu wa majumba ya London waliitafuta njia. Giffard yule yule alirudi katika jumba lake la Goodman's Fields akatangaza kwamba watu watalipa kwa kusikiliza muziki tu, na kati ya muziki wa kwanza na wa pili wataonyeshwa mchezo bure. Katika jumba hilo, mwaka 1741, kijana aitwaye David Garrick alionekana katika mchezo wa Shakespeare wa Mfalme Richard wa Tatu, na jina lake likaenea mji mzima. Naye Samuel Foote, mwaka 1747, aliwaalika watu waje kunywa chai kwake. Wakaja, wakalipa, na pamoja na chai wakapata mchezo.

Hata hivyo sheria ilikaa. Mkaguzi mmoja wa michezo, John Larpent, alishika kazi hiyo toka mwaka 1778 hata mwaka 1824, na nakala alizopelekewa zimehifadhiwa hata leo katika maktaba huko California. Wenye majumba nao wakajifunza kujifunga mikono wenyewe. Mfalme George wa Tatu alipopatwa na wazimu, mchezo wa Shakespeare wa Mfalme Lear, mzee aliyerukwa na akili, haukuchezwa kabisa London mpaka mfalme alipokufa mwaka 1820. Sheria ilitengenezwa upya mwaka 1843, lakini mamlaka ya Lord Chamberlain juu ya maneno ya michezo hayakuondolewa mpaka mwaka 1968. Hesabuni wenyewe: ni miaka 231.

Sasa na turudi huku kwetu. Waingereza waliokuja kutawala Afrika Mashariki walikuwa wamelelewa katika desturi hiyo, wakaona ni jambo la kawaida kwamba mchezo uwe na leseni. Mwaka 1912 serikali ya nchi iliyoitwa baadaye Kenya ilitunga sheria ya michezo ya jukwaani na ya sinema. Lakini watu wa kwetu hawakuwa na majumba ya michezo yenye viti na mapazia. Walikuwa na ngoma, na ngoma haina nakala ya kupelekwa kwa mkaguzi siku 14 mbele. Maneno yake hukaa kinywani, na malenga huyageuza papo hapo.

Mfano mzuri ni Beni. Ngoma hii ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, kisha ikaingia bara. Wachezaji walijipanga kama askari, wakavaa sare, wakapeana vyeo, wakashindana chama kwa chama. Wazee wa mkoa wa Tanga waliyajua sana majina ya Marini na Arinoti. Vyama hivyo vilisaidiana katika ugonjwa na mazishi, na vilikuwa na wanachama mji hata mji. Baada ya vita ya 1914 hata 1918, wakubwa wa Kiingereza waliulizana kama ngoma hii ni mchezo tu, au ni chama chenye siri. Kwa kuwa hawakuweza kuyakagua maneno, walikagua mkutano: katika miji ya Tanganyika ngoma ilitakiwa iwe na ruhusa, na ipigwe mahali palipokubaliwa. Hatusemi kwamba hawakuwa na sababu yo yote, maana ushindani wa vyama uliweza kuleta ugomvi. Twasema tu kwamba ruhusa ya mahali na saa ni chombo chenye makali mawili, nacho chaweza kukata mahali ambapo hapakutajwa.

Makali hayo yalionekana wazi Kenya, miaka 14 baada ya uhuru. Katika kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru, wilaya ya Kiambu, wanakijiji walikuwa na chama cha elimu na utamaduni. Walisoma kisomo cha watu wazima, kisha wakataka mchezo. Walimu wawili, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, waliandika mwanzo wake kwa Kikuyu mwaka 1977, na wanakijiji wakausahihisha. Wazee walisema, mzee hasemi hivi. Wanawake walisema, wimbo huu hauimbwi hivi. Wenyewe wakajenga uwanja wa michezo usio na paa, wa kutosha watazamaji 2000. Waliocheza walikuwa wakulima na vibarua, na aliyewaongoza jukwaani alikuwa Kimani Gecau.

Mchezo uliitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nitakapotaka. Wasimulia habari za Kiguunda, maskini mwenye shamba la ekari moja na nusu, ambaye hati ya shamba lake ameitundika ukutani kama kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani. Tajiri aitwaye Kioi anajifanya rafiki yake. Mwisho wake, kwa ajili ya mkopo wa kufanyia arusi ya kanisani, shamba lile linapotea. Watazamaji walikuja kutoka mbali kwa mabasi na kwa miguu, maana kila mmoja alimjua Kiguunda wake na Kioi wake.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka ule ule serikali iliukomesha, na njia iliyotumika ndiyo twataka ikumbukwe. Hapana mkaguzi aliyefuta mstari, wala hakimu aliyesema neno fulani ni kosa. Iliondolewa tu leseni ya kukutana watu katika kituo kile. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa katika gereza la Kamiti bila kushitakiwa, mpaka alipofunguliwa tarehe 12 Desemba 1978.

Na kitabu je? Mwaka 1980 mchezo ule ule ulipigwa chapa Nairobi, ukauzwa madukani, nao ukanunuliwa sana. Neno kwa neno, wimbo kwa wimbo, ulikuwa mikononi mwa watu, lakini wanakijiji wa Kamiriithu hawakuweza kuusimamisha katika uwanja walioujenga. Tukimkumbuka Gay na kitabu chake cha 1729, tutaona ya kuwa mambo ni yale yale, ijapokuwa kati yake ni miaka mia mbili na hamsini, na nchi ni mbalimbali.

Hata ile hila ya London ilirudi bila kuitwa. Wanakijiji walitengeneza mchezo wa pili, Maitu Njugira, wenye nyimbo nyingi, wakakusudia kuufungua tarehe 19 Februari 1982 katika Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi. Ruhusa haikutolewa, walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wamesimama. Wakaenda Chuo Kikuu, wakaendelea na mazoezi, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mazoezi hayo, kama vile watu wa London walivyokwenda kunywa chai ya Foote. Mwisho wake haukuwa wa kuchekesha. Tarehe 11 Machi 1982 kituo cha Kamiriithu kilifutiwa ruhusa yake, na siku ya pili polisi walikuja wakaubomoa uwanja. Ngugi wa Mirii na Gecau walihamia Zimbabwe, na Ngugi wa Thiong'o akaishi miaka mingi ugenini, mpaka alipofariki Marekani mwezi wa Mei mwaka 2025. Lakini mwezi wa Mei mwaka 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika Jumba lile lile la Taifa ambalo lilikuwa limefunga milango, na nchi haikuharibika.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Kenya peke yake, wala ya zamani tu. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, iliyoweka bodi ya kukagua. Na huko Kenya, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere waliyaona mambo haya mara mbili. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulizuiwa kuingia mashindano ya taifa ya shule, na Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe. Mwaka 2025 mchezo wao Echoes of War ulitolewa tena katika mashindano, na mahakama ikaamuru tena wacheze. Walipofika Nakuru mwezi wa Aprili, polisi walitupa moshi wa kutoa machozi kuwatawanya watu, na mtungaji wao, Cleophas Malala, alizuiwa kuwafikia. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kucheza.

Wanafunzi watusomao wataona tofauti moja kubwa kati ya Butere na London ya mwaka 1737. Brooke hakuwa na mlango wa kubisha; aliyemkataza hakulazimika kumjibu mtu. Wasichana wale walikwenda mbele ya jaji, na jaji akawasikiliza. Amri yake haikutimizwa vizuri, lakini ilitolewa, imeandikwa, na mtu aweza kuisoma. Hapo ndipo hoja ya Chesterfield, iliyoshindwa barazani, ilipopata kiti.

Basi katika habari hizi zote twaona mambo matatu ambayo mwanakijiji aweza kuyadai kwa adabu kila aombapo ruhusa, iwe ya mchezo wa shule, iwe ya ngoma. La kwanza, jibu lije mapema na kwa maandishi, maana kunyamaza kwa mkubwa ni katazo lisilo na mwenyewe. La pili, sababu itajwe: ikiwa ni saa, isemwe saa, ili ngoma ihamishiwe mchana, ikiwa ni maneno, yasemwe ni maneno gani. La tatu, awepo mtu mwingine wa kulisikiliza shauri, asiyekuwa yule yule aliyekataa.

Na mwenye kushika muhuri tungemwambia hivi. Ukiuzuia mchezo, hujayazuia mawazo yaliyomo, maana watu walikuwa nayo kabla mtungaji hajashika kalamu. Ulichozuia ni nafasi ya wewe kuyasikia. Walpole aliondoka madarakani mwaka 1742, miaka mitano tu baada ya kuyafunga majukwaa, na adui zake walikuwa wale wale.

Mazungumzo yetu ya leo yamefika mwisho. Walimu waweza kuwapa wanafunzi swali hili walijadili: katika kijiji chenu, ni jambo gani ambalo watu hulisema wawili wawili njiani, wasithubutu kuliimba uwanjani? Wakilipata, wamepata mchezo wao.